Barua kwa mwanangu anayekwenda Minaki

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote tu wazima. Umepangiwa kidato cha tano Minaki, na kabla hujafunga sanduku lako ningependa ujue shule hiyo ilitoka wapi, kwa kuwa mizizi yake haiko Kisarawe bali Unguja, katika bweni la Kiungani lililokuwa kusini mwa mji, karibu na bahari.

Mwaka 1864 Askofu Tozer na Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walipofika Unguja, Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliokuwa watumwa. Hao ndio wanafunzi wa kwanza. Kadiri manowari za Waingereza zilivyoyakamata majahazi ya watumwa, ndivyo watoto wengine walivyoletwa: Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, baadhi yao wadogo mno hata majina ya vijiji vyao yalikuwa yameanza kuwatoka. Walilala chumba kimoja na hawakuwa na njia ya kusemezana isipokuwa Kiswahili. Steere, aliyekuwa akiandika sarufi na kutafsiri Biblia, alikuwa na mtambo wa kupigia chapa, na wavulana walifundishwa kupanga herufi za risasi moja moja, zikiwa zimegeuzwa, mpaka ukurasa utimie. Mmoja wa walioachwa huru, Owen Makanyassa, ndiye aliyekuja kuusimamia mtambo huo. Sisi husoma kwamba wamisionari walichapa vitabu vya Kiswahili, nasi husahau kuuliza ni vidole vya nani vilivyovipanga.

Mwalimu wao mmoja, A. C. Madan, aliwaomba wavulana waandike wenyewe habari za maisha yao, jinsi walivyotekwa na kuuzwa, akazitafsiri kwa Kiingereza na kuzichapisha mwaka 1887. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa kuliko majengo yote ya misheni, kwa maana ni nadra kumkuta mtoto aliyeuzwa akipewa kalamu asimulie mwenyewe.

Wahitimu wa Kiungani waliolitumikia kanisa wanajulikana zaidi. John Swedi, mmoja wa wale watano, akawa shemasi mwaka 1879; Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa utotoni, akapewa ukasisi mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika UMCA kufikia daraja hilo. Wakati huo wavulana kutoka bara, wasiopata kuwa watumwa, walikuwa wameanza kupelekwa Kiungani. Miongoni mwao alikuwa Yohana Abdallah wa Unangu, katika Msumbiji ya leo, aliyeandika historia ya Wayao kwa Kiyao, na Leonard Kamungu wa Ziwa Nyasa, aliyekwenda kuhubiri Msoro, katika Zambia ya leo, akafia huko mwaka 1913.

Hata hivyo, misheni ilitaka makasisi na walimu, nayo haikufurahia kuwaona vijana wake wakikimbilia ukarani mjini. Naona manung'uniko hayo hayakuwa ya haki, maana ukimfundisha kijana kusoma, kuandika na kuishi na watu wa makabila yote, huna budi kutarajia kwamba atajichagulia kazi. Mfano ni Martin Kayamba, aliyezaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, na ambaye baba yake naye alisoma Kiungani. Alikuwa karani wa serikali, na mwaka 1922 huko Tanga aliongoza kuanzishwa kwa chama cha watumishi Waafrika wa serikali, kilichowakutanisha Waislamu na Wakristo bila kujali makabila. Wanahistoria hukihesabu miongoni mwa vyama vilivyotangulia TAA, yaani Chama cha Waafrika wa Tanganyika, na TAA ndiyo iliyozaa TANU mwaka 1954. Mwaka 1931 Kayamba alikuwa mmoja wa Watanganyika watatu waliokwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, wakipinga nchi yao kuunganishwa na Kenya.

Wakati huo Kiungani ilikuwa imekwisha kufungwa, kwani katikati ya miaka ya 1920 chuo kilihamishiwa Minaki pamoja na jina lake la Mtakatifu Andrea. Baada ya uhuru serikali iliichukua shule, na ndiyo hiyo utakayoingia.

Ukifika, angalia kama maktaba ina chochote kuhusu watu hawa, kisha uniandikie. Kama hakuna, nitakuletea vitabu vyangu nitakapokuja kukutembelea.

Wako akupendaye,
Baba