Diklofenaki haitibu baridi yabisi

Mhariri,

Shangazi yangu hapa Arua alikuwa akiamka vidole vimekakamaa, hawezi hata kufunga kitenge mpaka jua lipande. Kwa miaka miwili alinunua diklofenaki dukani bila cheti cha daktari, vidonge vimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Maumivu yalitulia, vidole vikaendelea kupinda.

Katika ugonjwa huu wa baridi yabisi, kinga ya mwili hugeuka na kushambulia utando wa ndani wa viungo. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza uvimbe na maumivu, lakini hazizuii kinga hiyo kuendelea kula mfupa. Zikimezwa kila siku kwa muda mrefu, zinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Inayoituliza kinga yenyewe ni dawa kama methotreksati. Hiyo humezwa mara moja kwa wiki, kamwe si kila siku, damu na ini vikipimwa, na haimfai mjamzito.

Ndugu zangu wauza dawa, nawasihi: mtu akirudi tena na tena, mikono yote miwili imevimba, mpelekeni kwa daktari. Shangazi sasa anatibiwa, ila kidole chake cha kati hakinyooki tena.

Msomaji,
Arua