Kipimo cha nyuklia kisigeuke kwa kufuata mafuta

Ndugu Mhariri,

Hapa mwaloni Kirumba, giza la mwezi linapoingia na wavuvi wa dagaa wakijiandaa kutoka, mazungumzo ya kwanza huwa ya petroli. Juzi nilimwona nahodha mmoja akichovya kijiti ndani ya dumu lake, akakitazama palipolowa, kisha akawaambia vijana wake kwamba usiku huo watavua karibu. Redio ya kibandani ilikuwa ikitangaza habari za urani ya Iran, na waliokuwapo waliisikiliza kama habari ya watu wengine.

Tunaelezwa mara kwa mara kwamba ugomvi wa Marekani na Iran ni wa bomu la nyuklia tu. Sikatai kwamba hofu hiyo ina msingi, maana mitambo ya Iran ya kurutubisha urani kule Natanz ilijulikana kwa walimwengu mwaka 2002 baada ya kufichuliwa, na siri ya namna hiyo huzaa mashaka kwa haki. Lakini magazeti yetu huanzia hapo, ilhali kisa kilianza zamani. Mwaka 1951 Waziri Mkuu wa Iran, Mohammad Mossadegh, alitaifisha mafuta yaliyokuwa mikononi mwa kampuni ya Waingereza. Miaka miwili baadaye akapinduliwa kwa mpango wa majasusi wa Marekani na Uingereza, na mwaka 1954 kampuni za Kimarekani zikapata asilimia 40 ya ubia mpya wa mafuta hayo. Ni Marekani hiyo hiyo iliyotia saini na Shah, mfalme wa Iran, makubaliano ya nyuklia mwaka 1957 na kumpa kinu cha utafiti kilichowashwa Tehran mwaka 1967. Shah alipotangaza mwaka 1974 kwamba anataka megawati 23,000 za umeme wa nyuklia, Washington iliiona hoja yake kuwa ya busara: umeme utoke kwenye vinu, mafuta yabaki ya kuuza nje.

Baada ya mapinduzi ya 1979 yaliyomwondoa Shah, hoja hiyo hiyo iligeuzwa kuwa ushahidi wa nia mbaya. Dick Cheney, aliyekuwa mkuu wa watumishi wa Ikulu ya Rais Gerald Ford wakati vinu vya Shah vikijadiliwa, alisema mwaka 2005, akiwa Makamu wa Rais, kwamba haieleweki nchi yenye mafuta na gesi nyingi kiasi hicho inataka nyuklia ya nini.

Lililonisikitisha zaidi ni la mwaka 2018. Marekani ilijitoa katika makubaliano ya 2015, ambayo Iran ilikubali kupunguza shughuli zake za nyuklia ili iondolewe vikwazo, ingawa wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki walikuwa wakithibitisha kwamba Iran inayatekeleza, kisha Novemba ikayawekea vikwazo mafuta ya Iran. Siku ile ile ikazipa ruhusa ya muda wa miezi sita nchi na maeneo manane, China, India na Japani zikiwamo, kuendelea kuyanunua, na Rais Donald Trump mwenyewe akaeleza kwamba hakutaka bei ya mafuta ipande. Kama hatari ya bomu ilikuwa kubwa kama ilivyonadiwa, bei ya pipa isingeweza kuisubirisha kwa miezi sita.

Korea Kaskazini haina mafuta na imebanwa vikali kwa ajili ya mabomu yake ya nyuklia, kwa hiyo sisemi kwamba mafuta ndiyo sababu ya kila kitu. Nasema yanageuza kipimo cha hatari ya nyuklia, na sisi tunalipia kugeuka huko: Mlango Bahari wa Hormuz, njia ya meli za mafuta ya Ghuba, ukitikiswa, meli hupandisha gharama, bei mpya ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji nchini, hutangazwa, na malori yanayopanda kutoka Dar es Salaam hutuletea petroli ambayo nahodha wa Kirumba ataipima kwa kijiti.

Nchi yetu nayo ina urani, kule Mto Mkuju wilayani Namtumbo. Naiomba Serikali itueleze mapema, bungeni na kwa Kiswahili, itakapoanza kuuzwa nje ni nani ataruhusiwa kuinunua, na kama kipimo hicho tutakiweka wenyewe kwa mujibu wa mikataba tuliyoridhia au tutakipokea kutoka kwa mwenye haja ya mafuta ya jirani yake.

Msomaji wako,
Kirumba, Mwanza