Lenzi ya ndege: anayeanza anatoshwa na mtumba wa milimita 250

Mhariri,

Kuanzia Septemba ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia hushuka pwani yetu, wakatapakaa kwenye mabwawa ya chumvi ya Kunduchi na kwenye matope ya Hori ya Mida, Watamu. Wenye kamera mpya nao huanza kuulizia lenzi ndefu, na dukani huuziwa namba ya milimita, yaani uwezo wa lenzi kuvuta cha mbali: 800 inaishinda 300, basi. Tunaomba nafasi tuwaambie wasomaji wenu kwamba anayeanza anatoshwa na 250, tena ya mtumba, mradi ajue cha kukagua.

Namba hizo zinapimika. Chozi, yule ndege mdogo anyonyaye maua, ana urefu wa kama sentimita 10. Akiwa mita 10 kutoka ulipo, lenzi ya milimita 250 humchora kwenye sensa (kipande cha ndani ya kamera kinachopokea picha) kwa milimita 2.5 tu, na sensa ya kamera nyingi za bei nafuu ina upana wa milimita 22 hadi 24. Ndege anakuwa kipande kidogo, kama sehemu ya tisa ya upana wa picha. Kwa lenzi ya 500 atafika milimita 5. Ukibaki na 250 ukasogea hadi mita 5, atafika milimita 5 zilezile bila kutoa senti. Chozi aliyezama kwenye ua la mgomba humvumilia mtu aliyetulia. Ndege wa matopeni hawavumilii, ila wao wana dawa yao: kaa ufukweni saa moja na nusu kabla ya maji kujaa, usijongee, bahari itawasogeza yenyewe.

Mwenye Canon ya sensa ndogo atafute EF-S 55-250 yenye herufi IS (kitulizi cha mtikisiko wa mkono) na STM (aina ya mota ya fokasi). Ina gramu 375 na hushika fokasi, yaani hutoa picha kali, kuanzia sentimita 85. Asiichanganye na EF 75-300, ambayo mara nyingi huuzwa pamoja na kamera: ile ya kawaida haina kitulizi cha mtikisiko na huwa laini mno ikivutwa hadi 300. Milimita 50 za ziada hapo ni za kwenye karatasi tu.

Kwa Nikon kuna mtego mwingine. Kamera za D3000 na D5000 pamoja na ndugu zao hazina mota ya fokasi ndani, hivyo lenzi iliyoandikwa AF pekee utaizungusha kwa mkono. Zilizoandikwa AF-P nazo hazielewani na D3100, D3200 wala D5100. Mwenye kamera hizo achukue AF-S yenye VR (kitulizi cha Nikon), ya 55-200 au 55-300.

Lile bomba la lenzi ya milimita 420-800 liacheni dukani. Tundu lake la mwanga huanzia f/8.3 na kuishia f/16 (namba ikikua, tundu hupungua), fokasi ni ya mkono, na kivulini hata kuona ndege yuko wapi ni kazi. Kizidishi cha mara mbili, kile kinachofungwa kati ya kamera na lenzi, nacho hula hatua mbili za mwanga (kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu): f/5.6 inakuwa f/11, na fokasi ya kamera nyingi za kioo cha ndani (DSLR) hukata tamaa hapo.

Kukagua mtumba hakuhitaji fundi. Washa tochi ya simu nyuma ya lenzi, tazama kwa mbele kimshazari. Vumbi kidogo si neno. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, ugonjwa mkubwa wa lenzi zilizokaa pwani. Rudisha hata ukipunguziwa bei. Zungusha zumu: ikisaga, kuna mchanga. Kisha bandika ukutani kurasa mbili za gazeti hili zenye matangazo madogo, simama mita 4 ukiielekea karatasi moja kwa moja, vuta hadi 250, weka f/5.6 na kasi ya 1/60 ya sekunde. Piga tano kitulizi kikiwa kimewashwa, tano kikiwa kimezimwa. Zikitoka na ukungu sawasawa, kitulizi kimekufa. Upande mmoja ukisomeka na mwingine ukagoma, huenda lenzi ilianguka na vioo vikahama.

Kitulizi hutuliza mkono, hakimtulizi ndege. Aliyetua anataka walau 1/500, anayeruka 1/1600 na kuendelea. Acha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ipande hadi 1600, maana chenga zinasafishika lakini picha iliyotikisika haina tiba. Tumia nukta moja ya fokasi, iwe kwenye jicho. Yangeyange juu ya matope meusi huungua akawa kama karatasi tupu, basi punguza mwanga kwa theluthi mbili ya hatua. Kunguru angani ni kinyume, ongeza hatua moja.

Na baada ya saa nne asubuhi, kwenye mabwawa ya chumvi joto hufanya hewa icheze. Ndege aliye mbali hutoka kama yuko chini ya maji hata kwa lenzi ya bei ya gari.

Nyumbani, lenzi ikae kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu, si kwenye mkoba wa ngozi. Ukitoka nayo kwenye chumba cha kiyoyozi, iache ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa kabla ya kuifungua nje, la sivyo kioo kitatoka jasho na ndege ataondoka ukiwa bado unafuta.

Wapigapicha wa ndege,
Dar es Salaam