Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mafunzo ya mwaka huu yaliegemea jambo moja: homa inayoingia kliniki zetu za Nairobi na kutoka na jina la taifodi. Widal, kipimo cha damu cha kutafuta taifodi, ikisoma 1:160 mara moja haijathibitisha kitu. Inapima kingamwili, nazo hubaki mwilini baada ya ugonjwa wa zamani, au hutokana na Salmonella (jamii ya vijidudu vya taifodi) wa aina nyingine. Kamati inapendekeza kipimo hiki kiondolewe kwenye orodha zetu za bei. Najua kinaingiza pesa. Ndiyo sababu nalisema wazi.

Badala yake, tuoteshe damu, yaani tuitie kwenye chupa maalumu ili vijidudu vilivyomo viote. Kwa mtu mzima ni mililita 8 hadi 10 kila chupa, kabla ya antibiotiki. Paka ngozi klorheksidini yenye spiriti ya kuua vijidudu, iache ikauke yenyewe kwa sekunde 30, na usiuguse tena mshipa. Matokeo huharibiwa zaidi na damu kidogo, na antibiotiki ya siprofloksasini ambayo mgonjwa amekwisha kununua duka la dawa. Hata sampuli nzuri hukosa takriban nusu ya wagonjwa wa taifodi, kwa hiyo jibu la hasi lisimfungie mtu mlango. Lakini vijidudu vikiota tunajua dawa gani inaviua, na hapa Nairobi ampisilini, kloramfenikoli na kotrimoksazoli zimeshindwa zamani.

Malaria: muulize mgonjwa alikotoka. Kisumu, Busia au Kwale, kwenye malaria nyingi, hubadilisha hesabu yote. Aliyemaliza AL (dawa ya malaria ya artemetha na lumefantrini) juzi, kipimo cha haraka chaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa, agiza slaidi ya damu isomwe kwa darubini.

Kipindupindu hakingoji maabara. Aliyeishiwa maji kabisa hupewa dripu ya Ringer's lactate mililita 100 kwa kila kilo: 30 za kwanza ndani ya nusu saa, 70 zilizobaki kwa saa mbili na nusu. Mtoto chini ya mwaka mmoja, 30 kwa saa moja kisha 70 kwa saa tano. Glukosi ya asilimia 5 peke yake haina chumvi, isitumike. Ofisa wa ufuatiliaji wa magonjwa wa kaunti ndogo apigiwe simu siku hiyo hiyo.

Hesabu za ada atazisoma mweka hazina. Chupa za kuoteshea damu tutazinunua kwa pamoja. Zikishatiwa damu zisiwekwe kwenye friji, zipelekwe maabara mara moja.

Mwenyekiti