Barua ya wazi kwa mpwa wangu: buibui wako mpe namba kwanza, jina litafuata

Mpwa wangu,

Assalaam alaykum. Umeuliza kama hao tarantula wako watatu uwape majina, na kama ndiyo, majina gani. Nakujibu mbele za watu kwa sababu wafugaji wa buibui Unguja na Pemba mnahesabika kwa vidole, na swali lenu ni moja.

Wape, lakini si leo. Leo wape namba.

Kwanza tuelewane jina ni la nani. Buibui hana masikio. Anachopata ni mtikisiko: vinyweleo vya miguuni vinahisi hewa ikicheza na kopo likigongwa. Mwite kwa upole au mpigie kelele, kwake wewe ni upepo. Paka ukimwita huku unagonga sahani huja. Buibui ukimwona amekuja mbio, ujue amekudhania mende. Kwa hiyo jina ni la watu wa nyumbani, na hapo lina kazi kubwa kuliko unavyodhani. Mdudu asiye na jina akionekana ukutani hukutana na ndara. Mdudu ambaye nyumba nzima inamjua kwa jina, mtu hushika ndara, akasita, akakuita wewe kwanza. Sekunde zile za kusita ndizo zinazomwokoa buibui aliyetoroka.

Bibi yako akipinga, usibishane naye. Buibui ana sura yake katika Kurani, ya 29, na riwaya ya utando wa pango la Thaur, alimojificha Mtume, kila mtoto ameisikia chuoni. Kuhusu kumpa mnyama jina, mkumbushe kwamba Mtume (S.A.W.) ngamia wake akiitwa Qaswa na baghala wake Duldul. Ila adabu ibaki: usimpe buibui jina la mtume, la swahaba, wala la mtu aliye hai mtaani kwenu. Jirani akipita dirishani akasikia "Mwanakhamis leo kala mende wawili", utakuwa na kesi ambayo sheha ataisuluhisha kwa tabu.

Sasa kwa nini si leo. Hao buibui wako bado ni vitoto, wana upana wa miguu sentimita 2 hivi, na kwa ukubwa huo kwa macho matupu hakuna anayejua dume ni nani na jike ni nani. Anayekuambia anajua anabahatisha. Lugha yetu ina rehema hapa: "amekula", "amejificha", "amegoma" hazisemi jinsia, kwa hiyo unaweza kuandika daftari zima bila kukosea. Majina yetu ndiyo yanayosema. Ukimwita Mwanakombo halafu akaja kuwa dume, utalazimika ama kulibadili jina na kuvuruga rekodi, ama kuishi na Mwanakombo mwenye kulabu miguuni.

Na tofauti hiyo si ya mapambo. Jike wa murinus, spishi ya hao buibui wako, huweza kuvuka miaka 10. Dume akishajivua gamba la mwisho, yaani ile ngozi ngumu ya nje anayoivua kila akikua, hubakiwa na miezi, mara chache akafika mwaka. Utamjua: ncha za vipapasio vyake, ile mikono mifupi iliyo kando ya mdomo, huvimba kama glovu za bondia, na kwenye miguu ya mbele huota kulabu. Hapo ataacha kula, atatembea usiku kucha akitafuta jike, atakonda, atakufa. Mfugaji aliyempa jina la kudumu humwona "mgonjwa", akaanza kumlazimisha kula na kumhamisha kopo kila siku. Hana ugonjwa. Umri umekwisha.

Jinsia utaisoma kwenye gamba. Akifika sentimita 4 au 5, ngoja ajivue, mwache, kisha litoe gamba kwa kibanio ukiwa na hakika yeye amesogea mbali. Ukilipata bado bichi ni bahati. Likiwa limekauka, sehemu ya tumbo huwa imejikunja kama zabibu kavu, na ukilivuta hivyo hivyo litachanika pale pale unapopahitaji. Liloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye tone moja la sabuni ya vyombo mpaka lilainike, kisha lilaze juu ya kioo au mfuniko mweupe na ulifungue kwa vijiti viwili vya meno, taratibu, upande wa ndani ukuelekee wewe. Utaona mabaka manne meupe. Hayo ni ya mapafu. Tazama katikati ya yale mawili ya juu, yaliyo karibu na miguu, penye mstari wa kukingama. Ingiza ncha ya kijiti chini ya ukingo wa mstari huo. Ukiinuka kijifuko au kijikunjo cha ngozi kilichosimama peke yake, huyo ni jike. Ndipo anapohifadhi mbegu za dume. Pakiwa patupu, mstari tu, yaelekea ni dume. Nasema yaelekea, kwa sababu gamba lililochanika nalo huonekana patupu. Kwa dume subiri gamba la pili likubaliane na la kwanza.

Kila gamba likaushe kivulini, litie kwenye bahasha yenye namba ya buibui na tarehe, na bahasha uziweke kwenye kopo la bati pamoja na vile vipakiti vya kuzuia unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Bila hivyo, masika ukungu utalila, na sisimizi watabeba yatakayobaki.

Turudi kwenye namba. Mfuko mmoja wa mayai unaweza kutoa vitoto mia na vyote vikafanana kama punje za mchele, kwa hiyo anayezalisha hana njia nyingine. Lakini namba si jina la kudharau. Australia ya Magharibi mwaka 1974 mtafiti wa buibui Barbara York Main alianza kuweka vigingi vyenye namba kwenye mashimo ya buibui wa mlango wa kunasa, ambao ni ukoo wa mbali wa tarantula. Mmoja akawa Namba 16. Mwaka 2016 watafiti walikuta kifuniko cha shimo lake kimetobolewa, dalili ya nyigu, na yeye hayumo. Alikuwa na miaka 43, buibui aliyeishi muda mrefu kuliko wote waliorekodiwa. Umri ule ulijulikana kwa sababu kigingi hakikuhama na namba haikupewa mwingine. Nawe fanya hivyo: akifa Namba 2, namba hiyo imekufa naye. Anayefuata ni Namba 4.

Na sisi namba tumezifanya majina toka zamani. Mosi, Pili, Tatu: ni watu hao. Ukitaka kuridhisha nafsi yako leo, waite hivyo, na daftari halitaharibika. Ila ukishamwita mmoja Pili, usije ukamwita mwingine Pilipili. Kwenye maandishi ya haraka ya usiku hayo ni jina moja.

Jina la tatu, na ndilo la lazima kuliko yote, ni la spishi. Neno "tarantula" lenyewe halikusaidii kitu. Limetoka mji wa Taranto, Italia, na aliyeitwa hivyo mwanzo ni buibui mbwa mwitu, wa familia nyingine kabisa. Majina ya madukani nayo ni hivyo hivyo: jina moja spishi mbili, au spishi moja majina matano. Andika la Kilatini na mahali ukoo wake ulipotoka: Pterinochilus murinus, Usambara. Mtaalamu wa wanyama Pocock ndiye aliyempa jina hilo mwaka 1897, na murinus maana yake ni "wa panya", wakati hao wa Usambara ni rangi ya chungwa bivu. Ndio ujue hata kwa wataalamu jina halisemi kila kitu. Mahali paandikwe kwa sababu wapo murinus wa rangi nyingine, na wakiwa wadogo huwezi kuwatenganisha kwa macho. Majina ya Kilatini nayo hubadilika. Yule mkubwa wa kahawia wa Kenya na Tanzania, zamani Citharischius crawshayi, leo ni Pelinobius muticus. Likibadilika, la zamani likate kwa mstari mmoja na jipya liandike kando. Usifute.

Wapi pa kuandika? Hapa ndipo wafugaji wengi huharibu. Wanaandika kwenye mfuniko. Siku ya kusafisha wanafungua vikopo vitatu kwa pamoja, wanapanga mifuniko mezani, na wakifunga, Mosi amekuwa Tatu. Murinus husuka utando mwingi na kujichimbia humo, kwa hiyo kosa hulioni mpaka miezi ipite na gamba likutokee "jike" kwa yule uliyekwisha kumwandika dume. Andika ubavuni mwa kopo. Fungua kopo moja, lifunge, ndipo ushike la pili.

Na kwa hali yetu ya hewa karatasi ya gundi haidumu. Kaskazi gundi inayeyuka na kibandiko kinateleza. Masika wino wa peni unavuja ukawa doa la buluu. Andika kwa maka peni moja kwa moja kwenye plastiki, ukikumbuka kwamba spiriti ya kusafishia huifuta. Ya akiba andika kwa penseli kwenye karatasi, ifunike yote kwa selotepu pana, ibandike chini ya kopo. Penseli haiogopi maji. Inatosha kuandika hivi: namba, spishi na mahali, tarehe aliyofika, tarehe ya gamba la mwisho. Jina la utani likae kwenye daftari tu, au kwa herufi ndogo pembeni. Likikaa kubwa pale juu, baada ya mwaka utakuwa na kopo limeandikwa "Kipenzi" na hakuna ajuaye Kipenzi ni nani.

Daftarini andika pia siku alizogoma kula. Akigoma na tumbo limenenepa na kuwa jeusi au la kung'aa, gamba liko njiani. Toa mende yeyote aliye hai humo, maana mende huweza kumtafuna buibui laini. Na mende wako watoke kwenye kopo ulilofuga mwenyewe. Mende wa jikoni huenda amepita kwenye dawa, na dawa inayoua mende haimchagui buibui.

Sasa hatari ya jina, ambayo husikii ikisemwa. Mwenye jina tunamtendea kama mtu. Siku utakayomkuta amelala chali, miguu juu, utasema "Mosi kafa" na kidole kitakuwasha. Usimguse wala usimgeuze. Hivyo ndivyo anavyojivua, na kazi hiyo huchukua saa kadhaa. Buibui aliyekufa kwa kawaida hulalia tumbo huku miguu imejikunja chini yake kama ngumi. Akishajivua, usimlishe mpaka chonge zitoke weupe, zipite wekundu, ziwe nyeusi: siku nne tano kwa hawa wadogo, wiki moja mpaka mbili kwa mkubwa.

Vile vile utatamani kumweka mkononi, umwoneshe mwenzako wa skuli. Kwa murinus usijaribu. Tarantula wa Afrika hawana manyoya ya kuwasha ya kujikinga kama wengi wa mabara ya Amerika. Kinga yao ni mbio na meno. Hung'ata upesi, maumivu ni makali, na misuli huweza kukakamaa kwa saa nyingi. Naye akianguka kutoka usawa wa meza, tumbo hupasuka. Ndiyo maana kwa spishi hii napenda jina lenye onyo ndani yake. Ukiamua kuacha Mosi, Pili na Tatu, basi Pilipili, Shubiri, Kaa la Moto: mdogo wako hasomi Kilatini, lakini hatatia mkono kwenye kopo la Kaa la Moto. Hili la onyo, kinyume na lile la utani, liandike ubavuni kwa herufi kubwa, chini ya spishi.

Miguu ya meza ya vikopo itie kwenye makopo ya maji yenye mafuta kidogo juu yake, sisimizi wasipande usiku wa gamba. Na lile gamba la kwanza la sentimita 4 ukilipata, lipige picha upande wa ndani, taa iwe nyuma yake, namba ya buibui ionekane kwenye picha hiyo hiyo, unitumie kabla hujamwita mtu jina.

Mjomba wako,
Ng'ambo, Unguja