Simu nzima hutupwa kwa ajili ya betri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme juu ya simu zinazoitwa mbovu hapa Unguja na Pemba, kumbe kilichokwisha ni betri tu.

Dalili yake haifichiki. Simu inaonesha chaji asilimia 20, ukifungua kamera inazima papo hapo. Betri ikichakaa, ukinzani wake wa ndani, yaani kizuizi cha umeme kupita, hupanda. Kamera ikivuta umeme mwingi kwa ghafla, volti huanguka na simu hujizima. Betri nyingi za lithiamu hubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 hivi ya kuchaji na kumaliza chaji. Anayemaliza chaji nzima kila siku hufika hapo kabla ya mwaka na nusu, na kwa joto letu la kaskazi, simu ikichajiwa chini ya mto wa kulalia, mapema zaidi.

Zamani ulifungua kifuniko kwa ukucha, ukatia betri mpya ya BL-5C kwenye Nokia yako, basi. Siku hizi kifuniko kimegandishwa kwa gundi, na betri nayo imegandishwa ndani. Anayeifungua aiache kwanza chaji ishuke chini ya asilimia 25, maana betri iliyojaa ndiyo inayowaka vibaya. Mgongo upashwe moto wa nyuzi 80 hivi, halafu kadi nyembamba ya plastiki ipitishwe ukingoni tu. Ikizama ndani hukata fleksi, ule utepe mwembamba wa nyaya. Kabla ya kugusa kitu kingine, betri ichomolewe kwenye bodi. Kisha matone ya spiriti pembezoni mwa betri, subiri dakika 2 au 3, uivute taratibu.

Hapa ndipo wengi huharibu: huichokoa kwa bisibisi. Utando unaotenga pande mbili, chanya na hasi, ndani ya betri ni mwembamba kuliko unywele. Ukitoboka, pande hizo hugusana, na kinachofuata ni moto na moshi wa sumu. Ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu, na betri iliyovimba isibonyezwe asilan.

Na betri mpya zenyewe! Maandishi ya 5000 mAh, kipimo cha chaji inayobebwa na betri, mtu yeyote huyachapa. Ipelekeni kwenye mizani ya sonara: ya kweli ya kiasi hicho haikosi gramu 60 na kitu. Ikija na gramu 40, mmeuziwa karatasi.

Watengenezaji husema gundi ni ya kuzuia maji. Lakini Samsung Galaxy S5 ya mwaka 2014 ilistahamili maji ya mita 1 kwa dakika 30, na betri yake ilitoka kwa mkono. Wafaransa nao waliitoza Apple faini ya yuro milioni 25 mwaka 2020, kwa kutowaambia wateja kwamba programu mpya ingepunguza kasi ya iPhone zenye betri chakavu.

Umoja wa Ulaya umeshabana. Tangu 20 Juni 2025, simu inayouzwa kule ama mtumiaji aweze kubadilisha betri mwenyewe, ama iwe haipitishi maji na betri yake ibaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 1,000. Vipuri navyo vipatikane miaka 7 baada ya toleo kuacha kuuzwa. Sisi tusipoweka sharti kama hilo, simu zitakazokataliwa kule zitashushwa hapa.

TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilizizima simu bandia 16 Juni 2016 kwa kusoma namba za IMEI, zile za utambulisho wa kila simu, kwa hiyo uwezo wa kuchuja upo. Iongeze sharti la betri katika kuidhinisha simu mpya, na waingizaji walete betri halisi pamoja na simu, siyo simu peke yake.

Simu za mtumba kutoka Dubai hazihitaji kusubiri sheria. Kwenye iPhone, afya ya betri imeandikwa kwa asilimia katika mipangilio. Muuzaji aioneshe kabla ya kupokea pesa, na ikiwa chini ya 80, mnunuzi apunguziwe bei ya betri mpya na ya ufundi.

Fundi simu,
Chake Chake, Pemba