Kwa Somo yangu, kuhusu yule mwanamke wa gitaa moja

Ngamiani, Tanga
Jumapili, 15 Juni 2025

Kwako Somo yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wewe na wote wa nyumbani hapo Bagamoyo. Sisi huku hatujambo. Masika yamekwisha, kusi imeanza kuvuma, na cherehani yangu ingali inanilisha.

Barua yako imenifikia, na humo umeniuliza swali ambalo najua umeliuliza kwa utani, lakini mimi nimelichukua kwa uzito wake. Unastaajabu inakuwaje mtu aliyezaliwa katika mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vyetu vya taarabu, akalelewa na sauti za taarabu zikipenya kila dirisha, aje aushikize moyo wake kwa Tracy Chapman, mwanamke wa Marekani anayeimba na gitaa moja, tena, kwa maneno yako, “kama mtu anayetaka kulala”. Nilicheka, kisha nikaudhika kidogo, kisha nikatafuta kalamu.

Unaikumbuka ile kaseti aliyotuletea mjomba kutoka Mombasa mwaka 1989? Ilikuwa imedurufiwa, haina jalada, na jina la mwimbaji limeandikwa kwa kalamu ya wino, nalo limekosewa. Tuliisikiliza kwenye redio yetu ya betri sita, wewe na mimi, na kwa Kiingereza chetu cha kidato cha pili tuliambulia maneno mawili tu katika wimbo wa pili wa upande wa kwanza: gari, na kasi. Tukaamua kwamba dada huyu anajisifia gari lake. Katika mji ambao hata bwana harusi alikuwa akienda kwa baiskeli, tukamwona mwenye majivuno, tukausogeza mkanda mbele.

Mwaka uliofuata wewe ulikwenda zako bweni, na mimi nikaacha shule kumuuguza mama. Hilo unalijua, sina haja ya kulirudia. Usilolijua ni kwamba katika zile alasiri ndefu, mama akiwa amepitiwa na usingizi, niliiwasha redio kwa sauti ya chini, nikaliweka daftari gotini na kamusi ya baba pembeni, nikawa nausimamisha mkanda baada ya kila mstari ili kutafuta neno moja moja. Ilinichukua majuma kadhaa, na mkanda ulikatika mara mbili nikauunga kwa gundi. Lakini siku nilipofika mwisho wa “Fast Car” niligundua kwamba gari hilo silo lake, na wala hajisifii chochote. Ni binti ambaye mama yake ameondoka, baba yake ni mlevi aliyechakaa kabla ya umri wake, na yeye ameacha masomo ili amtunze. Anamwomba kijana mwenye gari wakimbie wakaanze maisha mjini. Wanakimbia, anapata kazi dukani, anangoja mambo yatengemae. Hayatengemai. Mwisho wa wimbo yule kijana ndiye anayeshinda baa, yuko vilevile kama baba aliyekimbiwa, naye binti anamwambia achague: abaki, au achukue gari lake aende.

Nilikaa kimya hadi mama akaamka akauliza kama kuna aliyefariki.

Sasa nikueleze kwa nini ile sauti si ya usingizi. Tracy Chapman hasemi popote katika wimbo ule kwamba ana huzuni. Anahesabu mambo tu, kama mtu anayesoma hesabu za duka: baba, shule, kazi, bili. Kilio anakuachia wewe. Mpwa wangu, anayepiga gitaa kwenye hoteli za Raskazone, alinionyesha jinsi gitaa nalo linavyotii sheria hiyohiyo. Anafunga kibanio kwenye kipingili cha pili cha shingo ya gitaa, kisha anadonoa nyuzi kwa vidole, kodi nne zilezile, yaani mafungu ya sauti zinazolia pamoja, zikizunguka bila kufika mahali pa kupumzika. Wimbo unaenda na hauendi. Ni pale tu kwenye kiitikio, binti anapokumbuka raha ya kukaa ndani ya gari lile, ndipo ngoma zinapoingia kwa nguvu na sauti yake inapopanda, na kwa dakika moja unaamini kweli watafika. Kisha zile kodi nne zinarudi. Mpwa wangu alinichezea hivyo mara nyingi, mimi nikishona, mpaka nikamwambia apumzike maana nilikuwa naharibu pindo la mtu.

Najua utaniambia kuwa taarabu nayo ina huzuni. Ina huzuni, na mimi sijaiacha; Tanga ndiyo iliyoipa taarabu gitaa la umeme ikapunguza fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, kwa hiyo gitaa si mgeni wetu. Lakini sisi tumezoea mafumbo. Wimbo ukipigwa ukumbini, kila mwanamke anageuka kutazama nani amepigwa kijembe, na anayehisi umemsemea yeye anainuka kwenda kutunza. Huyu Tracy hana wa kumpiga. Hata baba mlevi hamtukani. Nimejaribu kuwaza mtu angeinuka wapi katika “Fast Car” akamtunze mwimbaji, nikakosa mahali. Upo pia wimbo wake mwingine katika albamu hiyohiyo, “Behind the Wall”, ambao hata gitaa ameliweka chini: sauti tupu, ya jirani anayesikia mwanamke akipigwa nyumba ya pili, na polisi wanaokuja wamechelewa. Huo siwezi kuusikiliza usiku.

Hayo ya maisha yake nitayapita upesi, maana unaweza kuyasoma popote. Alizaliwa Cleveland mwaka 1964, akalelewa na mama peke yake, akapata ufadhili wa masomo, akasomea anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Tufts huku akiimba mitaani kwa hela za wapita njia. Albamu yake ya kwanza ilitoka Aprili 1988. Lakini siku moja sitaipita, nayo ni tarehe 11 Juni mwaka huo, katika uwanja wa Wembley, London, kwenye tamasha la kuadhimisha miaka 70 ya Mandela, ambaye wakati huo alikuwa bado gerezani. Tracy alikwisha kuimba nyimbo zake mchana, kazi yake ilikuwa imekwisha. Jioni, Stevie Wonder akiwa karibu kupanda jukwaani, ikagundulika kwamba kifaa kilichohifadhi muziki wake hakipo, akaondoka akilia. Waandaaji wakamrudisha yule binti wa miaka 24 na gitaa lake. Watu zaidi ya 70,000 walikuwa wakipiga kelele, na yeye akasimama pale, hana bendi wala taa za mbwembwe, akaanza kudonoa zile nyuzi. Polepole uwanja ukatulia. Baada ya siku ile albamu ikapanda hadi nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani.

Sisi hatukuona chochote, kwani Bara tulikuwa bado hatuna televisheni. Mimi nimeiona picha ile juzijuzi tu, kwenye simu ya mpwa wangu, nikaangalia zaidi mikono yake kuliko uso. Haikutetemeka.

Sitakudanganya kwamba kila alichokitoa baadaye kinanigusa vivyo hivyo. Ana albamu nane, ya mwisho ni ya 2008, na katika baadhi yake vyombo vimeongezeka hadi namtafuta yeye simwoni. Kisha akanyamaza. Mwaka 2023 kijana wa muziki wa kantri, Luke Combs, akauimba upya “Fast Car”, na Chama cha Muziki wa Kantri cha Marekani kikampa Tracy tuzo ya wimbo bora wa mwaka, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata, miaka 35 baada ya wimbo kutoka. Februari 2024 wakauimba wawili kwenye tuzo za Grammy. Nywele zake zina mvi sasa, Somo, kama zetu. Kabla hajafungua kinywa alitabasamu, na mimi niliyezoea kumsikia bila kumwona sikujua kwamba anaweza kutabasamu kwa wimbo ule.

Nitakuja Bagamoyo mwezi ujao kwa arusi ya mtoto wa binamu. Kaseti ninayo bado, pamoja na lile daftari, maandishi ya penseli yamefifia lakini yanasomeka. Uliza kwa majirani kama kuna mwenye redio ya kaseti inayofanya kazi, na safari hii tusiusogeze mkanda mbele.

Ni mimi,
Somo yako wa Ngamiani